Gari Lililongoja Dakika Yake

Harufu ya petroli ikichanganyika na udongo mwekundu ulionyeshewa hunirudisha Ikutha, kwenye Pasaka iliyofuata kifo cha mama. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mimi, kifungua mimba, nilikuwa nimeacha shule ili niwapikie wadogo zangu, Kioko na Mumbua, na nipalilie mbaazi. Baba mdogo alikuja kutoka Salama, alikokuwa na kibanda cha nyama choma, akatangaza kwamba Jumatatu ya Pasaka tungegawanywa: Kioko aende naye, Mumbua apelekwe kwa shangazi kule Zombe, nami nikakae kwa mama mmoja wa kanisani. Hakuwa mtu mbaya. Aliniita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na alilitamka kwa upole hata alipokuwa akiivunja nyumba yetu. Watu walisema nishukuru. Huenda nilipaswa kushukuru; sikujua.

Jumamosi, mbio za magari zilipita kwetu. Kioko alikuwa ametuchanganya vichwa kwa lugha ya mbio hizo tangu redio ilipoanza kuzitangaza. Kwenye gazeti lililofungiwa sukari, majina ya madereva kadhaa yalifuatwa na herufi D.N.F., naye alishikilia kwamba hizo ni shahada, kama za askofu. Redio iliposema dereva fulani amepewa adhabu ya dakika mbili, Mumbua aliuliza ni nani atakayemchapa muda wote huo. Sokoni, wageni waliweka meza, na kando yake bango jekundu lenye picha ya saa. Hatua chache kabla ya hapo walisimamisha bango jingine, la manjano, lenye saa kama ile. Saa zote mbili hazikusonga. Muuza ndizi alisema moja ni ya Nairobi na nyingine ya Ikutha, na kwa kuwa hakuna aliyejua zaidi, tukakubali.

Gari la kwanza lilikuja likinguruma, vumbi na matope vikiruka pamoja, kuku wakitawanyika. Kisha, karibu kabisa na bango la manjano, likasimama na kuzima. Ndani, watu wawili wenye kofia ngumu walikaa kimya, mmoja akikodolea macho saa ya mkononi. Tulishangaa. Kwetu, gari likikwama kwenye mchanga wa mto Tiva hupiti ukaliacha. Hata aliyevaa nguo za kanisani hukunja suruali. Baba mdogo alikuwa wa kwanza kuweka viganja nyuma ya gari lile, akawaita wanaume wengine, wakalisukuma kwa wimbo. Walio ndani walipunga mikono kwa nguvu, nasi tukawapungia. Gari likavuka bango. Mzee wa mezani akatazama saa yake, akaandika kitu. Dereva akalaza paji la uso kwenye usukani.

Mzee yule alitueleza polepole. Kila gari lina dakika yake ya kufika. Likichelewa, linaadhibiwa; likiwahi, linaadhibiwa pia, na likishavuka bango la manjano limehesabiwa kuwa limefika. "Halikuwa limeharibika," alisema. "Lilikuwa linangoja dakika yake." Baba mdogo aliuliza mtu anaadhibiwaje kwa kuwahi. Kijana mmoja akamjibu, "Mzee, umewasukuma hadi mkiani," na soko zima likacheka isipokuwa baba mdogo. Mimi nilibaki nimeduwaa. Tulifunzwa kwamba kawia ufike, na shuleni tulichapwa kwa kuchelewa, lakini kosa la kuwahi hatukuwahi kulisikia.

Jumatatu ukoo ulikutana kwetu. Chai ilikuwa imekwisha kunywewa na godoro la Mumbua lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani. Nilisimama bila kujua nitasema nini, nikasikia sauti yangu ikisema, "Baba mdogo, sisi hatujaharibika. Tunangoja."

Shangazi akauliza tunangoja nini. Nikatazama nje ya mlango. "Mbaazi," nikasema, kwa sababu ndizo nilizoziona.

Baba mdogo alisugua viganja vyake, kama mtu ambaye bado anahisi joto la bati la gari lile. "Fungueni hilo godoro," alisema. "Sitasukuma tena. Tungoje, mwaitu."

Mbaazi zilivunwa, nyingine zikapandwa, na habari ya kutugawanya haikutajwa tena. Siku hizi watoto wa kijiji chetu hupelekwa shule kabla hawajaweza kushika kikombe, na kila mtu ana mtu nyuma yake anayemsukuma. Kioko ni mwalimu. Ndiye aliyenieleza kwamba D.N.F. si shahada, maana yake ni kwamba dereva hakumaliza. Nilicheka, kisha nikalifikiria dawati langu nililoliacha shuleni. Hata leo sijui dakika yangu ilikuwa ipi, wala kama ilipita nikiwa nimesimama kando ya bango. Ninachojua ni kwamba kila Pasaka wadogo zangu hurudi, na hufungua mlango bila kubisha hodi.