Siku Fundi Anapokuwa na Adabu

Fundi cherehani ninayefanya naye kazi chumba kimoja alipasuliwa kichwa miezi mitatu iliyopita, akatolewa uvimbe kwenye ubongo, na tangu arudi hakuna mteja anayethubutu kumdai nguo yake. Akisikia viatu mlangoni anashika kichwa upande wa kushoto na kugumia. "Kichwa, dada yangu," anasema, na dada anaomba radhi na kurudi kinyumenyume. Kovu liko kulia. Mteja akishatoweka, ananipa kioo nimshikie alitazame, kisha anamponda daktari: "Mshono gani huu? Kona imevuta. Angekuwa hapa ningemfumulisha." Mimi ananiita fundi viraka, na sketi zangu anaziita magunia.

Maumivu ya kweli hayana kelele. Jana nilimpa mkasi, akasema, "Asante, mwenzangu. Hiyo sketi umeipatia." Nikasimamisha mashine papo hapo. Nikazima redio, nikavuta pazia, nikamrudisha mteja mlangoni kwa kidole mdomoni. Yeye alikuwa ameegemeza paji la uso mezani, vidole vikipanga vifungo kwa ukubwa, kimoja kimoja, na kila nilipopita aliniomba samahani. Sijawahi kutamani kutukanwa kama jana. Ilipita saa nzima ndipo akaniita, kwa sauti ndogo.

"Hilo pazia ulilishona wewe?"

"Ndiyo, mimi."

"Nilijua tu. Limekwenda upande."

Nikawasha redio, nikakanyaga mashine.