Vigelegele vya Bibi Harusi Aliyetoroka

Juzi wanangu walikuwa wakiicheka filamu ya mapenzi, bibi harusi anatoroka viatu mkononi, nami nikasikia harufu ya udi ghafla.

Alasiri moja ya utotoni, nyumbani kwetu Malindi, nilikuwa chumbani na shangazi tukitazama kichekesho kama hicho. Wazee walioleta posa walikuwa sebuleni, udi ukifukizwa. Bibi akafunua pazia, akamuuliza shangazi taratibu, “Mwanangu, huyu mume umemridhia?”

Shangazi hakujibu. Macho yake hayakubanduka kwenye televisheni, na mkono wake ulinibana vidole hadi vikaniuma.

Bibi akageukia sebuleni. “Kanyamaza. Basi karidhia.”

Vikapigwa vigelegele nyumba nzima. Kwenye filamu, bibi harusi alikuwa ameshafika barabarani, anakimbia. Nikapiga makofi, nikidhani wanamshangilia yeye.