Kiazi na Nyaya Mbili Nyeusi

Miaka ya tisini mwalimu wetu wa chuo alikuwa na ubao mmoja tu wa kompyuta ndogo kwa darasa zima, na likizo ya Idi akaniazima mimi. Ulikuwa bamba la kijani lisilozidi daftari, na katikati yake kidude cheusi chenye miguu arobaini, ambacho yeye alikiita akili. Kifaa chake maalumu cha kukipa umeme hakikuruhusiwa kutoka maabara.

"Tafuta umeme wa nje, volti tisa," aliniambia. "Na usikosee jumlisha na kutoa. Ukigeuza nyaya, umeuua."

Wavulana walicheka. Nilikuwa msichana peke yangu darasani, na walishaanza kunihesabia siku.

Nyumbani Changamwe nikachukua adapta ya volti tisa iliyobaki baada ya redio kaseti kufa, nikaukata waya wake pale unapoingia redioni. Ndani nikakuta nyaya mbili, zote nyeusi tititi. Kipimo sina, na fundi redio amefunga, yuko kwao anakula Idi. Nikakaa nikizikodolea macho kwa hasira, utadhani zimefanya kusudi.

"Wazitazama zitasema?" mama aliuliza. Alikuwa akimenya viazi vya karai.

Nikamweleza, kwa kiburi kidogo cha msomi, maana mama hakuvuka darasa la tatu. Akaokota kiazi, akakikata nusu.

"Zitie humu. Zisigusane. Kisha washa."

Nilidhani ananitania, lakini nilitia, nikawasha. Tukangoja, yeye akiendelea kumenya. Baada ya dakika chache, kandokando ya waya mmoja kiazi kikaanza kugeuka rangi ya kijani. Kiazi cha sokoni kilikuwa kinausoma umeme!

"Huo wa kijani ndio wa kujumlisha," alisema. "Babako, Mungu amrehemu, alipokuwa akichaji betri za malori pale barabarani, alama za nyaya zikifutika mimi ndiye niliyekuwa nikimkatia viazi."

Miaka yote nilidhani alikuwa akimpelekea chakula.

Nikazima, nikazifunga nyaya kwenye ubao, ule wa kijani upande wa jumlisha. Karatasi ya maelezo niliisoma mara tatu. Kisha kidole kikagoma kwenye swichi. Je, kama kiazi kimekosea? Ubao wa pili hakuna, na Jumatatu darasa zima linaungoja.

"Waogopa," mama alisema. Alijifuta mikono kwa leso, akanisukuma kando. "Nitawasha mimi. Huo ubao ukiungua, waambie ni mamangu, hajui kitu, alitia mkono."

Kabla sijajibu, akabonyeza.

Taa ndogo nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka tena, kwa mwendo ule ule wa programu niliyouandikia ubao chuoni.

"Subhanallah!" mama alisema, akiinama kuitazama.

Mimi sikuwa naitazama taa. Machozi yakinitoka, nilikuwa nakitazama kidole chake chenye wanga wa viazi, ambacho bado hakijaondoka kwenye swichi.