Friji Ndani ya Kabati

Mume wangu aliporudi nyumbani kukaa, alirudi na mgongo mbovu. Alikuwa ameendesha lori tangu kabla hatujaoana, kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma, kisha ng'ambo ya mpaka hadi Ndola, mara nyingine hadi Kongo. Hapa kwetu Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, alikuwa mtu wa siku mbili tatu. Nikisikia honi yake barabarani, najua ni kuchinja kuku. Anakula, analala, anakaza bawaba moja iliyolegea, anaondoka. Watoto wetu wawili walikua hivyo, wakaoa na kuolewa, wakaenda zao. Basi daktari alipomwambia kwamba kiti cha lori sasa basi, tulijikuta wawili tu ndani ya nyumba, mtu na mkewe wa miaka mingi ambao hawajawahi kumaliza mwezi mzima pamoja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi natoka, saa tisa narudi. Yeye alibaki akiizunguka nyumba kama mtu aliyepotezewa funguo.

Wakati huohuo barabara ilikuwa ikipanuliwa, na jiko letu la nje likaangukia ndani ya alama za kubomolewa. Likabomolewa. Sikulililia sana, maana lilikuwa la moshi na paa lake lilivuja, lakini lilikuwa kubwa. Nikahamishia kila kitu stoo, chumba chembamba kati ya sebule na mlango wa nyuma, ambamo nikinyoosha mikono yote miwili nagusa kuta zote mbili. Humo niliweka jiko la gesi, meza, ndoo za maji, gunia la unga, na masufuria yakapandana mpaka dirishani. Friji ilibaki sebuleni, mahali pake pa siku zote, ikiwa na kitambaa nilichokifuma mwenyewe juu yake na maua ya plastiki juu ya kitambaa. Nikitaka nyanya natoka, navuka sebule, nafungua friji, narudi.

Yeye alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni, akinitazama. Siku moja akasema:

"Mwalimu, umevuka sebule mara kumi na moja, na ugali bado haujaiva."

"Umekosa kazi mpaka unahesabu safari zangu?"

"Ndiyo," alisema. "Nimekosa kazi."

Hakusema kwa kunung'unika. Alisema tu, kama anayejibu saa ngapi. Niligeukia sufuria nikasonga ugali.

Kesho yake niliporudi kutoka shuleni nilimkuta stoo na futi mkononi na penseli sikioni. Alikuwa ameshachora kuta zote mistari.

"Nimeishi kwenye kabini nusu ya umri wangu," aliniambia. "Humo nimelala, nimepika, nimefua, nimesali. Chumba hiki ukilinganisha na kabini ni uwanja wa mpira. Shida ni kwamba vitu vyako havina makazi. Kikombe kisicho na makazi kinavunjika kwenye kona ya kwanza ya mlima Kitonga."

"Hapa hakuna kona za Kitonga."

"Simama hapo. Vua viatu."

Nilisimama. Akaniambia nikunje mkono kana kwamba nakata kitunguu, akapima kutoka sakafuni mpaka kiwiko. Akaniambia nipandishe mkono juu bila kusimama kwa vidole, akaweka alama ukutani pale kidole changu kilipogusa. Alipima hata upana wangu nikiwa nimeinama, nikamwambia huo asiuandike. Aliuandika. Nimepikia kwenye majiko mengi, la mama yangu, la mama mkwe, la nyumba za walimu, na yote nilijifunza kuinama au kunyanyuka kufuatana na jinsi nilivyoyakuta. Hakuna aliyewahi kuniuliza urefu wangu. Nilijifanya nina madaftari ya kusahihisha, nikaenda zangu chumbani nikakaa kitandani kidogo.

Tuligombana juu ya friji tu. Alitaka iingie jikoni, tena iingie ndani ya kabati kabisa, na mlango wa mbao kwa mbele uliofanana na milango mingine. Alikuwa ameona kitu kama hicho nyumbani kwa tajiri wake wa zamani: mtu anafungua kabati la kawaida, anatoa soda ya baridi.

"Friji yangu haifichwi," nilisema. Nilikuwa nimeipata kwa maandazi niliyowauzia walimu wenzangu asubuhi baada ya asubuhi. Mgeni akiingia sebuleni, jambo la kwanza aione.

"Mgeni anakuja kuitazama friji au kukutazama wewe?"

"Vyote."

Alicheka, lakini hakuacha. Mwisho nilikubali kwa sababu ya zile safari kumi na moja, ambazo tangu azitaje nilikuwa nazihesabu hata mimi.

Alifanya kazi na fundi seremala wa jirani, wiki tatu, kwa mbao za msonobari. Mgongo ukimkataa, anakaa kwenye kigoda anapiga msasa. Walinitengenezea meza ya kukunja iliyoshikwa ukutani kwa bawaba, ukimaliza kazi unaishusha inalala. Droo ndefu ya unga ikakaa chini, yenye magurudumu. Rafu zilipanda mpaka dari, na vitu vya sherehe vilikaa juu kabisa, juu ya ile alama ya kidole changu. Kila sufuria ikapata msumari wake. Na pembeni, kati ya ukuta na kabati, friji ikaingizwa kwenye uwazi uliopimwa barabara kiasi kwamba fundi alijaribu kupitisha kisu cha mezani pembeni yake kikakataa. Mume wangu alimshika mkono kwa furaha. Nilipompa mume wangu chai siku hiyo alisema "Natotela," ahsante ya Kibemba aliyoizoea huko alikokuwa akipita.

Wiki iliyofuata alikuja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwimbaji wa kwaya huko Ikinga, wilayani Ileje. Alikuwa ameshuka kununua vitenge Tunduma mjini, akapita kutusalimu. Mume wangu alikuwa ametoka. Nilimkaribisha sebuleni, nikampa chai na viazi. Nilimwona akitazama ile pembe tupu karibu na televisheni, ambapo sakafu ilikuwa bado na alama nyeupe ya mraba. Hakuuliza kitu. Alipoaga alinikumbatia kuliko kawaida.

"Wifi, Mungu anaona," alisema.

"Anaona, wifi," nilijibu. Nilidhani ni maneno ya kanisani.

Jumamosi mbili baadaye, saa nne asubuhi, gari dogo la mizigo liliingia uani kwetu. Akashuka wifi na kina mama wanne wa kwaya yake. Wakashusha mikungu miwili ya ndizi, debe la maharage, viazi, kuku wawili waliokwisha kunyonyolewa, mguu mzima wa mbuzi na galoni ya maziwa. Sisi tulisimama mlangoni tumeduwaa. Waliingia, wakaimba ubeti mmoja, kisha wifi akatuambia tuiname tuombe.

"Baba Mungu," akaanza, "mkumbuke mdogo wangu. Amekutumikia barabarani, hukumwacha. Leo hana kazi, vitu vinatoka ndani ya nyumba kimoja kimoja. Hata friji ya mke wake wameiuza..."

Nilifumbua macho. Mume wangu alikuwa ameshafumbua yake. Tulitazamana wakati wifi akiendelea kutuombea, na nikaona midomo ya mume wangu inavyotetemeka, nikajua nikiendelea kumtazama nitaangua kicheko mbele ya kina mama wa watu. Nikainama tena. Amina ilipofika, mume wangu aliinuka, akamshika dada yake mkono kama anayempeleka altareni, akaenda naye jikoni. Sote tukafuata mpaka mlango ukajaa. Akafungua kabati. Taa ya ndani ikawaka, ubaridi ukatupiga miguuni.

Wifi alitazama maziwa, mayai na nyanya zangu. Alitazama muda mrefu.

"Yaani mmeifungia ndani kama mwali," alisema, "na mimi nimefunga siku tatu kwa ajili yenu!"

Mmoja wa kina mama ndiye aliyeanza kucheka. Baadaye wifi mwenyewe alicheka mpaka akakaa kwenye droo ya unga. Tulipowaomba warudi na chakula chao alikataa katakata. "Kilichoombewa hakirudi Ileje." Basi nyama, kuku na maziwa tukavijaza kwenye friji, tukivisukuma kwa viganja mpaka mlango ukafunga. Wenzake waliondoka mchana. Yeye alibaki alale, maana alitaka kulichunguza jiko hilo vizuri.

Ulikuwa mwezi wa kumi, wakati wa vumbi na joto, si ile Tunduma ya mwezi wa sita ambapo hata maji ya ndoo yanauma meno. Asubuhi ya Jumapili niliingia jikoni nikakanyaga maji. Nilifungua kabati: giza, na hewa ya uvuguvugu. Niliweka kiganja kwenye mbao, zilikuwa na joto kama kifua cha mtoto mwenye homa.

Mume wangu alikuja, akagusa, akakaa kwenye kigoda.

"Nimeiua friji yako," alisema.

Neno "nilikuambia" lilikuwa tayari ulimini mwangu. Lakini nilimwona alivyokaa, mikono katikati ya magoti, nikalimeza. Nikamuuliza, "Lori likichemka njiani, mnafanya nini?"

"Unasimama. Unafungua boneti." Akainua kichwa. "Mwalimu, mimi! Mimi niliyefungua boneti maisha yangu yote, nimeinyima hewa!"

Tuliivuta mpaka sebuleni watu watatu, wifi akiongoza kwa sauti ya kwaya. Ule wavu mweusi wa nyuma ulikuwa wa moto, na ukutani ulikuwa umeacha alama. Fundi friji alikuja akaisikiliza kompresa, akasema imejizima kwa joto, tuiache ipoe. Wakati ikipoa, nyama haikusubiri. Wifi alisema ibada ya leo ni hapahapa. Tuliinua meza ya kukunja, yeye akakata mbuzi, mimi nikakaanga, mume wangu akamenya ndizi akiwa amekaa mlangoni. Tuliita majirani, seremala akaja na mkewe, na mpaka saa nane hakukubaki hata bawa la kuku. Saa kumi friji iliwaka yenyewe ikinguruma katikati ya sebule, na watu wakaipigia makofi.

Wiki hiyo aliurekebisha uwazi ule. Akaacha nafasi ya kiganja nyuma, akatoboa matundu chini ya mlango wa mbao, na juu akafungua njia ya hewa kutokea. Kwa hiyo sasa kabati la friji limetokeza mbele ya mengine. Linamkera. Kila akipita huligusa kama mtu anayegusa jino bovu. Mimi nimepigilia hapo msumari wa kutundikia kanga yangu.

Watu walianza kuja kuangalia jiko, na seremala akaanza kumchukua mume wangu kwenye kazi zake akapime. Lakini aliyemwita kwanza alikuwa dada yake. Umeme wake Ikinga ni wa sola, wa taa na simu tu, na friji hataki. Alitaka rafu za kuni, droo ya unga kama yangu na mahali pa kukalia. Mume wangu alienda akakaa huko wiki mbili.

Nilifikiri nitapumzika. Miaka yote nilikuwa nimekaa peke yangu bila shida. Siku ya tatu nilikuwa jikoni nakoroga mchuzi, nikajikuta nimejibana kwenye kabati ili mtu apite nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Nilifanya hivyo tena kesho yake, na keshokutwa.

Alirudi Ijumaa jioni, viatu vimejaa vumbi la Ileje, akanikuta nakaanga samaki. Tulisalimiana. Nikasogea, akapita kwenda kuchukua maji.