Jua la Vinyonga Kumi na Wawili

Saa mbili asubuhi, mwanamke mmoja anapanda ngazi ya chuma kwenda kwenye paa la duka la wanyama wa kufuga. Mkono mmoja umeshika kizimba cha waya, mwingine unapapasa ukuta. Ndani ya kizimba kinyonga wa kijani amekumbatia tawi, jicho moja likimtazama aliyembeba, jingine likitazama juu.

"Tulia baba, tumefika," anamwambia.

Anashuka tena. Atapanda mara kumi na mbili, maana vinyonga ni kumi na wawili, na bosi hataki vizimba viwili vibebwe pamoja. Kila kizimba anakifunika nusu kwa gunia, ili mnyama akizidiwa na joto apate kivuli. Kisha anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kungoja. Vinyonga wanaligeuzia jua ubavu, na ubavu huo unakuwa mweusi taratibu.

Mtaani wanamwita Mama Kinyonga. Wapo wasiotaka hata kumpa mkono.

"Wanaogopa nitawabadilisha rangi," anasema. "Nawaambia, ningeweza ningeanza na mimi."

Kazi hii ameifanya miaka minne. Alipoanza, vinyonga walikaa nyuma ya kioo cha mbele cha duka, jua likiwapiga kutwa. Hata hivyo wakafa watano. Wa mwisho alimshika mwenyewe kiganjani.

"Taya lake lilikuwa laini kama sikio. Tawi halishiki, ulimi hautoki. Panzi anampita puani, yeye anamtazama tu."

Daktari wa mifugo aliwaeleza kuwa mwili wa kinyonga hutengeneza vitamini D kwa nguvu ya jua, na akiikosa mifupa hulegea hata akila vizuri. Jua la nyuma ya kioo, alisema, huleta mwanga na joto, lakini nguvu yenyewe hubaki nje. Bosi akabandika amri ukutani: kila kinyonga, nusu saa ya jua lisilopita kwenye kioo, kila siku, bila kukosa. Bei ya kinyonga mmoja ni mshahara wa Mama Kinyonga wa miezi miwili.

Akifika hapo ananyunyizia majani maji.

Nyumbani ana binti wa miaka mitatu. Wanaishi wawili, chumba kimoja, ghorofa ya nne. Mchana mtoto hulelewa na bibi wa chumba cha jirani, ambaye magoti yake hayawezi tena ngazi. Bibi huyo hajawahi kuomba hata kipande cha sabuni. Kila asubuhi humtandikia mtoto shuka pale jua linapoangukia, chini ya dirisha la kioo lililopigiliwa misumari ili mtoto asije akaanguka.

"Hapa mjukuu wangu hapati baridi," husema.

Mwaka jana miguu ya mtoto ilianza kupinda. Majirani wakasema ni matege ya utoto, yataisha. Hayakuisha. Kwenye zahanati muuguzi aliuliza, "Mtoto anapata jua?"

"Kila siku. Dirishani."

"Dirisha huwa wazi?"

"Nilimwona yule kinyonga kiganjani mwangu pale pale," anasema Mama Kinyonga. "Kazini nilijua. Miaka yote najua. Nyumbani sikujua."

Bibi hajaambiwa. "Nimwambie nini, mtu aliyenilelea bure, kwa moyo wake wote? Acha akae kwa amani."

Muuguzi alitoa dawa ya matone na kusema miguu ya umri huo bado inaweza kunyooka, ila mtoto atoke juani kila siku. Anatoka Jumapili tu. Siku nyingine mama huondoka jua halijapanda, hurudi limezama, na hakuna mwingine wa kumshusha.

Alimwomba bosi ruhusa ya kuja na mtoto, akae paani nusu saa ile ile ya vinyonga. Bosi hakukasirika. Alisema hapa si chekechea, tena ngazi ile ni hatari.

"Ni hatari kweli," anasema Mama Kinyonga, akitazama viganja vyake. "Mimi naipanda mara kumi na mbili."

Mlinzi wa lango la duka alijitolea. "Mlete dada, nitamwangalia." Akampa mtoto kiti chake, yeye akasimama. Walijaribu siku mbili, lakini ukuta wa jirani hulitia lango kivuli mpaka saa sita, na zamu ya mlinzi huisha saa hiyo hiyo. Siku ya tatu mlinzi alisema akitazama chini, "Nisamehe dada. Kiti ninacho, jua sina."

Jioni mtoto humngoja mama mlangoni.

"Vinyonga wameota jua?"

"Wameota."

"Wote?"

"Wote, mama."

Mwisho wa mwezi atamwendea bosi tena. Maneno ameshayapanga, huyajaribu hapa paani, mbele ya vizimba.

"Safari hii siombi ruhusa ya mtoto," anasema, akiinua kizimba cha kwanza kukirudisha chini. "Nitamwambia asome amri yake pale ukutani, halafu ahesabu upya. Wapo kumi na watatu. Na huyo naye nitambeba peke yake, kama anavyotaka, mmoja mmoja."