Prezida wa Prosesa Isiyo na Mwenyewe

Wilfried Asukulu wa mji wa Baraka hajawahi kufanya kitu, lakini amekuwa prezida wa kila kitu. Ameongoza chama cha wavuvi na hajui wavu unashikwaje. Ameongoza kwaya na haimbi. Siku timu ya mpira ya mtaa wake ilipokwenda kucheza Fizi, alisafiri na kiti chake kikubwa cha mbao ndani ya gari. Nusu ya wachezaji wakakosa nafasi, wakaenda kwa miguu, wakafungwa. Jioni alitoa hotuba juu ya nidhamu ya wachezaji.

Watu wa namna hii tunawatengeneza wenyewe. Kwetu vijana wakikutana kulima shamba, jembe halishikwi mpaka apatikane prezida, makamu, katibu na washauri. Mara nyingi washauri wanazidi majembe. Wilfried aliuelewa ugonjwa huu mapema, akaufanya kazi yake ya maisha.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, Bukavu ilipochukuliwa na waasi, binti mmoja, Merveille, alikimbilia Baraka kwa mama yake. Alikuwa anasoma elektroniki. Ndani ya mfuko wake kulikuwa na kadi moja ndogo yenye prosesa, yaani ile sehemu ya mashine inayopokea amri na kuzitekeleza. Alitueleza kwamba kila prosesa ina lugha yake ya amri, na lugha nyingi ni mali ya makampuni. Bila ruhusa yao huwezi kutengeneza prosesa inayozielewa. Lakini lugha ya prosesa hii ni huru. Mtu wa China, wa Brazili au wa Baraka anaweza kuisoma, kuitengenezea prosesa yake, kuiandikia programu. Wanaofanya hivyo wanaongezeka kila mwaka, na wanasaidiana kwenye mtandao bila kuulizana kabila wala cheo.

Habari hiyo ilistahili kumwasha moto kijana yeyote. Klabu ikaundwa siku hiyohiyo. Na klabu, kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, ikamchagua Wilfried kuwa prezida.

Kazi ya kwanza ilikuja yenyewe. Surua ilikuwa imeingia katika vijiji vya rasi ya Ubwari, ziwani. Mama Dorothée, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa na chanjo za kupeleka kule kwa mashua, lakini friji yake ilikuwa imekufa: kile kipande kinachopima baridi na kuwasha na kuzima mashine kiliungua, na kingine kilipaswa kutoka Ulaya, wakati hata barabara ya Uvira haipitiki. Chanjo alizihamishia kwenye glasiere, lile sanduku la kutunzia baridi, juu ya barafu iliyokuwa inayeyuka. Bila friji hakuna barafu mpya, na bila barafu chanjo zingeharibika kabla ya kumfikia mtoto yeyote.

Merveille akaandika programu ya kufanya kazi ya kile kipande kilichoungua, akaijaribu kwenye kadi, ikakubali. Wilfried akaichukua kadi, akaiweka ndani ya kabati la vioo la biro yake, yaani ofisi, akafunga kwa kufuli.

Dorothée alimfuata pamoja na Merveille.

“Prezida, leta ile kadi. Barafu inaisha.”

“Mama Dorothée, kitu hakiyafunguliwa rasmi. Tunangoya mukubwa akuye akate kamba.”

“Mukubwa gani? Ule alikimbia vita na boti ya Kigoma na magodoro yake yote?”

“Atarudia.”

“Na surua itamungoya?”

“Usinicheke. Bamama ba klabu bamesha kushonesha kitenge cha namna moya. Unataka bakivalie wapi, ku soko?”

Merveille akajaribu kwa upole. “Papa Wilfried, hii prosesa haina mwenyewe. Iko ya bote.”

“Ndiyo maana inahitaji prezida,” akajibu. “Kitu cha bote bila prezida ni fujo.”

Kesho yake risasi zilisikika upande wa milima. Wilfried akaongeza kufuli la pili. Vita yote hii tumeletewa na watu wanaokalia kilicho cha wote na kukiita ulinzi. Huyu wetu alikosa bunduki tu.

Lakini hakujua alichofungia. Alidhani amefungia kazi, kumbe amefungia kipande kimoja cha plastiki na waya. Programu ilikuwa kwenye kompyuta ya Merveille, na lugha ile ilikuwa imeenea dunia nzima. Merveille alikwenda dukani kwa Yunusu, muuza simu, akanunua soketi moja ya umeme ya kuwashwa kwa simu, akaipasua palepale kwa bisibisi.

“Dada, hata hujatoka mulangoni umesha kuharibu!” Yunusu akalia.

“Angalia ndani, kaka. Lugha ni ileile.”

Kweli, prosesa ya soketi ilikuwa ya ukoo uleule, ingawa imetengenezwa na watu wengine. Programu ilikataa mara ya kwanza. Merveille akaeleza tatizo kwenye mtandao, na mtu mmoja wa Brazili, ambaye hajawahi kusikia jina la Baraka, akamrudishia mistari iliyorekebishwa. Hakuuliza prezida ni nani. Akaifunga soketi kwenye friji pamoja na kipimo kidogo cha baridi alichokipata kwa Yunusu. Jioni friji ilinguruma, na asubuhi ya pili kulikuwa na barafu mpya.

Mashua ilipokuwa inapakiwa, Wilfried alitokea amevaa suti, nyuma yake mpiga picha.

“Nafasi ya mbele iko ya prezida.”

“Iko ya mutu wa kushika batoto bakidungwa sindano,” Dorothée alisema. “Utabashika?”

“Mimi? Miye niko wa kusema neno la ufunguzi.”

“Basi lisemee hapa.”

Merveille akapanda, akakaa mbele na glasiere magotini. Mashua ikaelekea Ubwari, chanjo zikiwa baridi. Ufukoni Wilfried alikuwa anamwonyesha mpiga picha mahali pa kusimama.