Kabula Amesoma Kiingereza Mbele ya Wazazi

Ndugu wananchi, kwa heshima na taadhima nawatangazia kwamba leo nimevaa shati lililopigwa pasi.

Shuleni walituita wazazi tukawasikilize watoto wa kidato cha kwanza waliomaliza kozi ya maandalizi ya kusoma Kiingereza. Binti yangu Kabula ndiye aliyechaguliwa kufungua.

Akasoma ukurasa mzima wa hadithi. Hakukwama hata mahali pamoja.

Jirani yangu Mama Shija akanipiga kiwiko, akanishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, Baba Kabula! Umezaa Mzungu!"

Nikavimba. Hapa Bugarama mtu havimbi kila siku, niacheni.

Shida ni kwamba nami ninacho Kiingereza cha kuokoteza, nilikipata kwenye maelekezo ya mashine za karasha, zile za kusaga mawe ya dhahabu. Kwa hicho hicho nikaelewa kwamba hadithi ilihusu mtoto anayemzika mama yake.

Kabula aliisoma akitabasamu kama MC wa harusi.

Makofi. Vigelegele.

Nikamvuta pembeni. "Mwanangu, pale umesoma habari gani?"

Akainama. "Sijui, baba. Mwalimu anasoma, sisi tunafuatisha mpaka ikae kichwani."

Mwalimu wake alikuwa karibu, akacheka kwa upole: "Mzee, kusoma tumemaliza. Kuelewa kutakuja kwenyewe."

Mama Shija naye hakuniacha: "Kwani unataka nini tena? Si amesoma?"

Kama ninyi mnalo jibu la kumpa, niandikieni hapo chini.

Kesho wanaanza Baiolojia, Historia na mengine yote kwa Kiingereza.